Kata Reli, Treni Ipite



Weka vichwa viwili vya treni ndogo za mfano juu ya njia moja ya reli iliyotandikwa mezani. Kimoja ungependa kiondoke, kingine kisubiri stesheni. Zungusha kidhibiti mwendo: vyote viwili vinaondoka. Kirudishe kwenye sifuri: vyote viwili vinasimama. Geuza swichi ya mwelekeo: vyote viwili vinarudi nyuma kwa pamoja, utadhani vimekula kiapo. Umenunua treni mbili, lakini unayoendesha ni moja.

Kila anayeanza kujenga reli za mfano hukutana na jambo hili mapema, na fikra ya kwanza inayomjia ni kuongeza. Aongeze transfoma, aongeze waya, aongeze nguvu. Akiunganisha transfoma ya pili kwenye reli zilezile, hali inazidi kuharibika, maana sasa ni mikono miwili inayovutana ndani ya chuma kimoja. Dawa iko upande mwingine kabisa. Dawa ni msumeno. Reli ikatwe, umeme uzuiwe kupita, kisha kila kipande kipewe njia yake yenyewe ya kupatia umeme. Leo tuzungumze juu ya ukataji huo, maana naamini kwamba anayejua kuunganisha waya amejua nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua mahali pa kukata, na ndiyo inayomfanya mtu aitwe mwendeshaji.

Tuanze na mchezo wenyewe, ingawa wenyewe hawapendi uitwe mchezo. Reli za mfano zilianza kama vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilionyesha treni na reli zilizotengenezwa kwa vipimo maalumu, ili mtoto aliyepewa reli mwaka huu aongezewe nyingine mwaka ujao na zote zikaungana. Treni za siku zile ziliendeshwa kwa springi ya kutia ufunguo. Umeme uliposhika nafasi yake, watu wazima nao wakasogea mezani. Nchini Marekani walifikia wingi wa kuunda chama chao cha kitaifa, kilichoanzishwa Milwaukee mwaka 1935. Siku hizi kipimo kinachopendwa zaidi ni kile kiitwacho HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87, na kutoka reli moja hadi ya pili ni milimita 16.5. Behewa la kweli lenye urefu wa mita 20 linakuwa na sentimita 23 tu, na kila mlango na kila ngazi yake ipo.

Sasa umeme unafikaje ndani ya kichwa kidogo namna hiyo? Unapitia kwenye reli zenyewe. Reli ya kulia ni waya mmoja, reli ya kushoto ni waya wa pili. Magurudumu ya kulia na ya kushoto yametenganishwa kiumeme, ama kwa plastiki katikati ya ekseli ama kwa namna nyingine. Umeme unapanda kwa gurudumu la upande mmoja, unapita kwenye mota, unashuka kwa gurudumu la upande wa pili. Ni mkondo mnyoofu, umeme wa aina ya betri, kuanzia volti sifuri hadi 12. Volti zikipanda, mwendo unapanda. Na kwa makubaliano ya miaka mingi, reli iliyo upande wa kulia wa dereva ikiwa chanya, treni inakwenda mbele. Ikiwa hasi, inarudi nyuma.

Makubaliano hayo yana tokeo ambalo huwashangaza wengi. Chukua kichwa kinachokwenda upande wa dirishani, kinyanyue, kigeuze uso kielekee mlangoni, kisha kirudishe relini. Kitakwenda wapi? Kitaendelea kwenda dirishani, safari hii kinyumenyume. Ulipokigeuza, reli iliyokuwa kulia kwake imekuwa kushoto, kwa hiyo mbele imekuwa nyuma. Mwelekeo haumo ndani ya treni. Umo ndani ya reli. Hata ukiviweka vichwa viwili vitazamane, pua kwa pua, haviwezi kukimbiliana vigongane kwenye kipande kimoja, kwa sababu vyote vitakwenda upande mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Umeme haujui jina la treni, unajua reli tu. Ukitaka kuiamuru treni hii na kuiacha ile, itabidi kwanza uamue reli ipi iko mikononi mwa nani kwa wakati huo. Amri inatolewa kwa kipande cha ardhi, na treni inaipata kwa sababu imekanyaga hapo.

Basi fundi anachukua msumeno mwembamba na kukata mwanya relini. Ni mwanya wa milimita moja au pungufu, na kwa kawaida unajazwa kipande cha plastiki ili joto lisije likarefusha chuma na kuufunga tena. Asiyependa kukata anaweza kuondoa kiungio cha chuma kinachoshika reli mbili na kuweka cha plastiki mahali pake. Ukitazama kwa macho, njia ni moja na gurudumu linapita bila kushtuka. Ila kwa umeme, hapo ni mwisho wa dunia moja na mwanzo wa nyingine.

Tuseme njia yako ni ya mviringo, nawe umeigawa vipande vinne: kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Una madereva wawili, kila mmoja na kidhibiti mwendo chake. Kila kipande unakifungia swichi ya chenjiova, ile ile ambayo mafundi huifunga penye jenereta, isipokuwa hii ni ndogo na inashikwa kwa kidole. Ukiipandisha juu, kipande kinapata umeme wa dereva wa kwanza. Ukiishusha chini, kinapata wa dereva wa pili. Ukiiacha katikati, kipande kimezimwa, na treni iliyopo hapo inalala hadi iamshwe.

Treni ya kwanza inaondoka kaskazini kwenda mashariki. Kabla haijafika mpakani, dereva wake anapandisha swichi ya mashariki. Sasa kaskazini na mashariki ni vyake, na treni inavuka bila kujua kwamba pana mpaka. Ikishamaliza kuvuka, anairudisha swichi ya kaskazini katikati, ili mwenzake akitaka aichukue. Umeme unatangulia mbele ya treni na kuzimwa nyuma yake. Wamarekani na Waingereza waliendesha kwa namna hii kwa miongo mingi, na katika vilabu vikubwa madereva walikaa mbele ya mbao zenye swichi nyingi, na ramani ya njia imechorwa juu yake kwa rangi.

Mtindo huo una adabu zake. Ya kwanza ni ile ya mafahali wawili: hawakai zizi moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja, zinarudia ule utumwa wa kufuata mkono mmoja. Ya pili, kipande kiwe kirefu kuliko treni itakayosimama hapo, la sivyo kichwa kitakuwa kipande hiki na mkia kipande kile. Ya tatu ni ya mipakani. Ikiwa vipande viwili vinavyopakana vimepewa umeme wa kwenda pande tofauti, gurudumu la chuma likipita juu ya mwanya linaziunganisha chanya na hasi, na papo hapo umeme unapiga shoti. Kwa hiyo dereva anayemkabidhi mwenzake treni mpakani lazima awe amekubaliana naye upande wa kwenda, na mwendo usitofautiane sana, ama sivyo treni itaruka kama iliyopigwa kofi.

Wengi huuliza: nikate vipande vingapi? Swali hilo limekaa vibaya. Jiulize kwanza ni treni ngapi zitataka kuwepo kwa wakati mmoja, na kila moja itataka kusubiri wapi. Penye stesheni yenye njia mbili, ambapo treni moja hungoja nyingine ipite, kila njia iwe kipande chake. Mwisho wa njia fupi ya kuegeshea, kata kipande kidogo cha kutosha kichwa kimoja tu, kiweze kulala hapo wakati kichwa kingine kinakuja kuchukua mabehewa upande wa pili. Kwenye njia ndefu ya porini isiyo na stesheni, kata pale unapotaka treni ya nyuma iweze kuifuata ya mbele bila kuigusa. Ukifanya hivyo, ramani ya mianya inakuwa ratiba ya safari. Mtu mwenye ujuzi akiitazama, atakuambia treni zako zinapishana wapi hata kabla hujawasha umeme.

Kuna njia ya kupunguza kazi. Si lazima kukata reli zote mbili kila mahali. Unaweza kukata ya upande mmoja na kuiacha ya pili ikazunguka nzima, iwe njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Nyaya zinapungua karibu nusu, na swichi zinakuwa nyepesi. Sharti lake ni kwamba kila kidhibiti mwendo kiwe na transfoma yake iliyojitegemea. Vidhibiti viwili vinavyonyonya umeme kutoka chanzo kimoja haviwezi kushirikiana reli hiyo, vitaingiliana.

Tumekata. Sasa tunalisha, na hapa ndipo watu wengine huacha mchezo wakidhani treni zao ni mbovu. Reli nyingi za kisasa hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Zinang'aa kama fedha ingawa hakuna fedha ndani yake, na zinapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Viungio vya chuma kati ya reli na reli navyo hulegea, hushika vumbi, hupata kutu. Umeme ukiingia upande mmoja wa chumba, ukifika upande wa pili umechoka, na treni inapanda mlima kwa kukokota.

Mafundi wanachofanya ni kutandaza chini ya meza nyaya mbili nene za shaba, zikiifuata njia inakokwenda. Kutoka hapo wanapandisha nyaya fupi nyembamba hadi relini, kila baada ya mita moja au mbili, na kuzilehemu ubavuni mwa reli. Tufanye hesabu tuone kwa nini unene una maana. Waya umekwenda mita 10 na kurudi mita 10, jumla 20, na treni zinavuta ampea 2. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 unapoteza takriban volti 1.4 njiani. Kati ya volti 12, zimebaki 10 na kitu. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, unapoteza chini ya volti 0.3. Umbali ni uleule na treni ni zilezile, kilichobadilika ni unene tu. Na kila kipande lazima kiwe na waya wake wa kukilisha, kwa kuwa tumeshakata na jirani hawezi tena kumgawia jirani. Fundi makini huchagua rangi mbili, nyekundu kwa reli moja na nyeusi kwa ya pili, na habadilishi hadi mwisho. Anayebadilisha rangi katikati kwa sababu waya mwekundu umeisha dukani anajinunulia usiku mrefu chini ya meza.

Msikilizaji, papo mahali ambapo hata ukiwa na treni moja tu huna budi kukata. Chora mstari ulionyooka, halafu mwisho wake chora kitanzi kinachozunguka na kuurudia mstari uleule, ili treni iende, izunguke, irudi ilikotoka bila kugeuzwa kwa mkono. Ni umbo zuri, na kila mtoto hulichora. Sasa fuata reli ya kulia kwa kidole. Inaingia kwenye kitanzi, inazunguka, inarudi, na inaungana na reli ya kushoto. Chanya imekutana na hasi. Hakuna treni juu yake, hakuna aliyegusa chochote, na tayari ni shoti.

Tiba ni kukata reli zote mbili, mwanzoni na mwishoni mwa kitanzi, na kukipa kitanzi swichi yake ya kugeuza chanya na hasi. Treni ikiingia kitanzini, mwelekeo wa njia kuu unageuzwa wakati yenyewe ingali inazunguka ndani ya kisiwa chake. Ikifika mwanya wa kutokea, inakuta njia kuu imeshakubaliana nayo. Kitanzi hicho lazima kiimeze treni nzima. Behewa la mwisho lenye magurudumu ya chuma likibaki mlangoni wakati kichwa kinatoka, shoti inarudi. Märklin walilikwepa tatizo hili kwa kupanga umeme wao tofauti. Katika treni zao za HO reli zote mbili ni upande mmoja wa umeme, na upande wa pili unachukuliwa katikati ya mataruma, kwa kibao kinachoteleza chini ya kichwa. Kulia na kushoto vikiwa sawa, kitanzi hakina ugomvi. Gharama yake ni vile vidoti vya chuma vinavyoonekana katikati ya njia, ambavyo wapenzi wa reli mbili hawavitaki hata kuviona.

Ningependa sasa tusafiri hadi Cambridge, Massachusetts, kwenye chuo cha MIT. Mwaka 1946 wanafunzi wa hapo walianzisha klabu ya reli za mfano. Makao yake yakawa Jengo Namba 20, jengo la mbao lililosimamishwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya utafiti wa rada. Wanaklabu walikuwa makundi mawili. Wengine walipenda kilicho juu ya meza: milima, nyumba, rangi za mabehewa. Wengine walipenda kilicho chini ya meza, na hao walikuwa na kamati yao ya ishara na umeme.

Kilichokuwa chini ya meza kilikuwa ni kazi hii hii tunayoizungumza, imekuzwa hadi kupita kiasi. Badala ya dereva kushika swichi moja kwa kila kipande, wanafunzi wale walitumia vifaa vya simu, vingine vikiwa msaada wa kampuni ya Western Electric iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya simu. Dereva alizungusha namba kwenye kisahani cha simu kutaja kipande cha njia anachokitaka, na mitambo ikamuunganishia. Umeme ulipohama kutoka kipande hadi kipande ulisikika: sumaku zilivuta, vyuma viligonga, mlolongo wa migongano ukaifuata treni chini ya meza. Fikiria jambo hilo kwa masikio, msikilizaji wa redio. Treni inapita juu, na chini yake maamuzi yanasikika yakifanyika, ndiyo, hapana, wewe pita, wewe ngoja.

Watu waliozoea kupanga ndiyo na hapana kwa maelfu ya swichi hawakuhitaji kufundishwa sana walipoonyeshwa kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la chini ya meza lilihamia usiku usiku kwenye kompyuta za chuo hicho. Mwaka 1962 mmoja wa wanaklabu, Steve Russell, akishirikiana na wenzake, alikamilisha Spacewar, mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta. Wawili kati yao, Alan Kotok na Bob Saunders, waliutengenezea visanduku vya kushika mkononi kwa vipuri walivyookota kwenye chumba cha klabu ya reli. Vijana wanaocheza leo kwenye skrini wana ukoo na waliokuwa wakigawanya reli.

Huenda unasema: haya yote ni anasa ya watu wenye vyumba vikubwa. Lakini fundi wa reli za mezani alijifunza kwa reli za kweli. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hati ya ubunifu wa kugundua treni kwa kutumia umeme wa relini. Kipande cha njia kinatenganishwa na jirani zake kwa viungio visivyopitisha umeme. Upande mmoja kuna betri, upande wa pili kuna sumaku inayoshikilia ishara iwe salama. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake zinaunganisha reli mbili, umeme unakatishwa njiani, sumaku inaachia, ishara inakuwa ya hatari. Betri ikifa, ishara ni ya hatari. Reli ikivunjika, ishara ni ya hatari. Ile shoti inayomkera mjenzi wa mezani, Robinson aliifanya kuwa mlinzi. Mpaka leo, katika reli nyingi duniani, hivyo ndivyo kituo kinavyojua kwamba kipande fulani kina treni.

Na Watanzania wanaopanda treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, wanasafiri chini ya waya wenye kilovolti 25. Ukiutazama kutoka dirishani unaonekana ni mmoja usiokatika. Katika mfumo wa aina hiyo waya hugawanywa vipande. Umeme wa gridi una fezi tatu, na vituo vinavyolisha treni huchukua kutoka fezi tofauti ili mzigo usilemee upande mmoja. Fezi mbili zikikutanishwa kwenye waya mmoja ni shoti kubwa. Kwa hiyo kati ya eneo la kituo kimoja na la jirani yake huwekwa kipande kifupi kisicho na umeme kabisa. Treni hukivuka kwa kasi iliyokuwa nayo, mota zimepumzika, kisha hupokea umeme wa upande wa pili. Sheria ya mezani na ya kilovolti 25 ni moja: vyanzo viwili visivyokubaliana visiguswe na treni moja kwa wakati mmoja.

Kuna watakaoniambia kwamba nimechelewa, kwamba kompyuta imemaliza habari ya kukata. Ni kweli kwa kiasi. Kuanzia miaka ya 1980 Wajerumani walianza kuuza mifumo ya kidijitali, na ule wa Bernd Lenz ndio ambao chama cha Marekani kiliuchukua katika miaka ya 1990 kuwa msingi wa viwango vyake. Katika mfumo huo reli zina umeme kamili muda wote, kiasi cha volti 14 hadi 16 kwa HO. Ndani ya umeme huo hupitishwa ujumbe, na kila kichwa kina chipu yenye namba yake. Ukisema namba 12 nenda mbele, namba 12 inaondoka na namba 45 iliyo nyuma yake inabaki imesimama. Hatimaye umeme umejifunza jina la treni. Matangazo ya biashara yalidai kwamba sasa unahitaji waya mbili tu.

Waya mbili zinatosha kwa meza ndogo. Meza ikikua, mianya inarudi, ila imebadilisha kazi. Mtambo wa kawaida hutoa ampea 5, nazo kwa volti 15 ni wati 75, joto la kutosha kuyeyusha plastiki ya kichwa cha thamani. Treni moja ikipita kwenye pointi, yaani njia panda ya reli, iliyowekwa vibaya na kupiga shoti, treni zote chumbani zinasimama pamoja nayo. Nyumba iliyofungwa umeme na fundi mzuri haiwi hivyo: jiko likipiga shoti, breka ya jiko inaanguka na sebuleni taa zinabaki zikiwaka. Wajenzi wa reli za kidijitali wakaiga utaratibu huo. Wanaigawa meza katika kanda, kila kanda na breka yake, stesheni mbali, njia kuu mbali, karakana mbali. Halafu wanazunguka na sarafu mkononi, wakiilaza juu ya reli zote mbili kila mahali. Breka isipoanguka mara moja, waya wa hapo ni mwembamba au kiungio kimelegea, na afadhali kulijua hilo kwa sarafu kuliko kwa moshi.

Kazi ya pili ya mwanya ni kuiambia kompyuta treni iko wapi. Kompyuta inajua ilichoamuru, haijui kilichotokea. Ili ijue, kila kipande kinawekewa kifaa cha kuhisi kama umeme unavutwa. Mabehewa hayana mota, kwa hiyo ekseli zake hubandikwa rezista ndogo, labda ya omu elfu 10, ili nazo zivute umeme kidogo na kuhesabiwa. Huko Hamburg, kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt, ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun walifungua mwaka 2001 maonyesho ya Miniatur Wunderland. Leo yana treni zaidi ya 1,000, zikiendeshwa na kompyuta mchana kutwa mbele ya wageni. Kompyuta hizo zinaiachia treni isonge mbele pale tu kipande kinachofuata kikiwa wazi. Ni adabu ileile ya mafahali wawili, sasa mlinzi wake hasinzii.

Kwa hiyo, msikilizaji, dijitali haikufuta mipaka. Zamani mpaka uliamua nani anaamuru. Siku hizi mpaka unaamua hitilafu iishie wapi na habari ianzie wapi. Mtu aliyeondoa mianya yote kwa kuamini waya mbili ataendesha vizuri siku zote isipokuwa siku ya shida, na siku hiyo hatajua hata aanze kutafuta upande gani. Mwenye vipande anazima kimoja kimoja hadi shoti iishe, na kipande alichokizima mwisho ndicho chenye kosa.

Kwa walimu wa ufundi umeme wanaonisikiliza, nina neno moja. Ubao wa meza moja, reli ya mviringo, vichwa viwili, swichi nne na kitanzi kimoja vinaweza kumfundisha kijana chanya na hasi, kupotea kwa volti, shoti, breka na kutenganisha saketi, vyote katika wiki moja, kwa umeme wa volti 12 usioweza kumdhuru akigusa reli kwa kidole. Somo hilo linaingia haraka kwa sababu kosa haliandikwi kwa wino mwekundu: treni inasimama, na darasa zima linaona imesimama wapi.

Na wewe unayepanga kujenga nyumbani, usianze na waya wala usianze na treni. Chukua karatasi, chora njia yako, kisha weka alama mahali pa kukata na uandike pembeni ni kwa nini. Alama ambayo huwezi kuiandikia sababu, ifute. Zikibaki zenye sababu tu, nenda dukani: sasa unajua ununue swichi ngapi na waya mita ngapi.